Nyumba ya Wazazi Wangu Ilipowekwa Rehani

Baba alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, nyumbani kwetu Kawangware, akikwangua saruji iliyokaukia kwenye mwiko wake wa ujenzi. Nilimwambia kwamba benki ingenipa mkopo wa kununua nyumba iwapo mzazi angeweka hati yake ya kiwanja kama dhamana. "Hati iko kwa sanduku, chini ya kitanda," alisema. "Ichukue tu." Kisha akaurudia mwiko wake, kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani.

Mama alikuwa ndani akichagua mchele. Hakutoka. Alisema kupitia dirishani, kwa sauti ile ile anayoulizia kama maji yamechemka, "Mimi nitafikiri kwanza."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nafanya kazi ya maabara katika hospitali ndogo ya watu binafsi, na mshahara wangu ulikuwa ukiingia kila mwezi bila kukosa. Nilikuwa nimeona fleti ya vyumba viwili karibu na Barabara ya Ngong, mpya, yenye vigae vinavyong'aa hadi unajiona uso. Kilichonikwamisha ni ile sehemu ya bei ambayo benki humtaka mnunuzi aitoe mfukoni mwake. Sikuwa nayo. Afisa wa mikopo, kijana mpole wa shati lililopigwa pasi vizuri, ndiye aliyenionyesha njia: hati safi ya mzazi ingesimama mahali pa pesa nilizokosa. Nilitoka pale nikijiona nimeshaingia kwangu. Sasa mama anafikiri. Anafikiri nini?

Leo ninajua. Lakini ili nieleze, lazima kwanza niseme nyumba ile ilitoka wapi.

Wazazi wangu walianzia maisha Gatwekera, Kibera, katika chumba kimoja cha udongo na mabati, na hapo ndipo mimi na ndugu yangu mdogo tulipolelewa. Baba alikuja Nairobi kutoka Magharibi akiwa kijana asiye na kitu ila ufundi wa mawe aliofunzwa na mjomba wake. Kila asubuhi alitembea hadi palipokuwa na mjengo, Kilimani, Lavington, popote, akawajengea watu nyumba ambazo hakuwahi kurudi kuziona zikiwa na watu ndani. Mama alikuwa na meza Soko la Toi, akiuza mapazia ya mitumba. Mpaka leo anauza. Kastoma akishanunua, mama huenda naye hadi kwake, akapima madirisha, akarudi kushona upindo, kisha akaenda tena kuyatundika kwa mikono yake. Kwa kazi hiyo ameingia nyumba nyingi za watu kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua. Amesimama juu ya viti vyao, amesikia wakigombana chumba cha pili, ameona ukungu nyuma ya makabati yao.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee mmoja wa Kawangware, ambaye baba alimjengea ukuta wa ua, alipoamua kuuza kona ya kiwanja chake, baba alikuja nyumbani akalitaja jambo hilo kama mtu anayetaja mvua ya mbali. Mama ndiye aliyeuliza bei. Yeye ndiye aliyekuwa na akiba kwa chama cha wanawake wa soko, na yeye ndiye aliyemsimamia baba mpaka mzee yule akatia sahihi mbele ya mashahidi. Hati ikatoka kwa jina la baba. Baba akaanza kujenga Jumamosi jioni na siku za sikukuu, jiwe kwa jiwe, mara nyingine kwa mawe yaliyokataliwa kwenye mijengo mikubwa. Tulihamia nikiwa kidato cha pili: vyumba viwili vyetu mbele, na nyuma vyumba vinne vya kupangisha ambavyo vilichukua miaka mingine kuisha.

Gatwekera, mvua ikianza, kila mtu alijua kazi yake. Ndugu yangu alishika viatu, mimi vitabu, wazazi godoro. Mvua ya kwanza ilipotukuta Kawangware, mama alisimama mlangoni akiangalia maji yakipita njia yake huko nje. Hakuinua kitu chochote kutoka sakafuni. Alisimama hivyo mpaka mvua ikaisha.

Hiyo ndiyo nyumba niliyokuja kuiomba kwa maneno ya dakika tano, huku baba akikwangua mwiko.

Wiki mbili zikapita mama hajasema neno. Nilipompigia simu aliniuliza kuhusu kikohozi changu. Wiki ya tatu, Jumapili baada ya kanisa, tukiwa tunakula, alisema, "Hiyo nyumba yako nimeiona."

"Umeiona lini?"

"Jumanne, tena Ijumaa, tena jana."

Baba aliacha kutafuna. Mimi nilidhani sijasikia vizuri.

Alikuwa ameenda na utepe wake wa kupimia shingoni na fungu la mapazia begani, na soja wa langoni akamfungulia bila swali, kwa sababu hakuna anayemzuia mama wa mapazia. Alikuwa amekaa na wanawake wanaofulia watu nguo kule nyuma, akawauliza maji huja siku gani. Mara mbili kwa wiki, wakamwambia, na ghorofa ya nne na ya tano hayafiki kabisa. Fleti niliyoitaka ilikuwa ghorofa ya nne. Alikuwa amepanda ngazi na kuona mitungi imepangwa nyuma ya kila mlango. Halafu akatundika pazia kwa mwalimu mmoja mstaafu wa ghorofa ya pili, na huyo mwalimu, akishika kiti ili mama asianguke, akamwambia kilichomkalia rohoni.

"Amemaliza kulipa miaka mitatu iliyopita," mama alisema. "Mpaka leo hajapewa hati. Wote hawajapewa. Iko hati moja tu ya ardhi yote, na anasikia hiyo nayo mwenye jengo ameiweka kwa benki nyingine."

"Si kila kitu watu wanasema ni kweli, mama," nilijibu. Nilikuwa bado natetea vigae.

"Sijasema ni kweli. Nimesema enda uulize."

Nilienda ofisi ya ardhi nikafanya upekuzi wa kiwanja kile, kujua mwenyewe ni nani na kinadaiwa nini. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari michache tu, na ilisema yale yale aliyosema mwalimu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikaisoma tena na tena. Lile jengo lingeweza kuuzwa siku yoyote kwa deni la mtu mwingine, na mimi, kwa haraka yangu, ningekuwa nimeitumbukiza humo nyumba ya wazazi wangu. Nilipompigia mama kumwambia, nilitarajia anikumbushe nilivyomjibu. Alisema tu, "Basi tutafute nyingine. Mara hii twende wote."

Miezi minne tulitafuta. Nimefanya kazi na madaktari wenye majina marefu, lakini sijaona mtu akikagua kitu kama mama alivyokagua zile fleti. Mawakala walikuwa wakituonyesha kabati za jikoni, naye alikuwa tayari bafuni, kiganja chake kikiwa kimelala ukutani kana kwamba anapima homa ya mtoto. Alifungulia bomba zote kwa pamoja aone kama maji yatapungua nguvu. Alifungua kabati za nguo akanusa. Aliuliza aliye juu ni nani na ana watoto wangapi. Aliomba kupelekwa kwenye paa aone matangi ya maji, na wakala mmoja aliposema ufunguo wa paa umepotea, mama alimshukuru na kuanza kushuka ngazi. Nilikuwa nimeshajifunza kumfuata.

Ile tuliyoichukua ilikuwa katika jengo la zamani upande wa Dagoretti Corner, limepakwa rangi ya kijani ambayo sijui nani aliipenda. Sakafu ilikuwa ya saruji. Lakini kulikuwa na tangi kubwa chini ya ardhi, kuta zilikuwa kavu, na kila fleti ilikuwa na hati yake yenyewe. Tulifanya upekuzi siku hiyo hiyo. Baba naye alikuja mara moja tu, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Aliyejenga hapa hakuiba saruji." Kwa baba hiyo ni sifa kubwa.

Kabla ya kwenda benki, mama aliita kikao nyumbani. Tulikuwa wanne tu. Ndugu yangu mdogo, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda na bado alikuwa akiishi nao, aliegemea mlango akiwa na helmeti mkononi, kama mtu asiyepanga kukaa.

"Mimi sina noma na siste," alisema. "Nauliza tu. Hii keja yetu ya Kawangware ikienda, buda na mathe wataishi wapi? Na kama haiendi, sawa, yeye amepata yake. Mimi nayo?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mama akaniinulia mkono.

"Ameuliza vizuri. Mwache." Akamgeukia. "Ikienda, tutarudi kupanga, mimi na baba yako, na wewe utapanga yako. Hilo nimelifikiria, sikufichi. Kuhusu yako: dada yako akitoa hati yetu huko, na wewe uje na mpango unaoeleweka, iwe ni nyumba, iwe ni kazi, nitakaa chini nikusikilize kama nilivyomsikiliza yeye. Na nitakuchosha kama nilivyomchosha."

Ndugu yangu alicheka, akaweka helmeti sakafuni, akaketi. Nilimwangalia mama nikaelewa kwamba swali ambalo mimi nilikuwa nimeliona kama wivu, yeye alikuwa amelisubiri. Kama asingeuliza siku ile, angelibeba moyoni miaka ishirini.

Siku ya benki mama alivaa rinda lake la kanisani na viatu vya kufunika vidole. Afisa wa mikopo alitupa chai, akafungua faili, akaanza kueleza kwa Kiingereza cha haraka. Mama alimwacha afike mwisho wa ukurasa.

"Kijana wangu," alisema, "Kiingereza naelewa cha kuuza mapazia. Hii ya nyumba nieleze kwa Kiswahili."

Yule kijana alitabasamu, akaanza upya. Na nilipoyasikia kwa Kiswahili, nikagundua kitu ambacho kilinitia aibu: mambo niliyokuwa nimeitikia kwa kichwa mara tatu katika mikutano iliyopita, sikuwa nimeyaelewa. Mama alikuwa na maswali yake kichwani, na aliyatoa moja moja, bila haraka, akisubiri jibu liishe. Mtoto huyu akifa leo, nani analipa? Kuna bima, alijibiwa, itamaliza deni. Imeandikwa wapi? Akaonyeshwa mahali. Akifutwa kazi, mnampa muda gani kabla ya kutuandikia sisi barua? Akaelezwa. Hati yetu inashikilia deni lote, ama ile sehemu aliyokosa peke yake? Afisa alisita. Kwa kawaida, alisema, inashikilia lote.

"Sisi tumekuja kwa ile sehemu," mama alisema. "Akiimaliza hiyo sehemu, hati irudi, hata kama ya kwake bado ina miaka."

"Nitauliza makao makuu, mama."

"Uliza. Na uulize hili pia. Siku mambo yakiharibika kabisa, mtauza ipi kwanza? Yake ama yetu?"

Afisa aliangalia faili. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. "Karatasi haisemi," alisema mwishowe. "Inasema benki inaweza kuuza yoyote."

"Basi iseme."

Baba alikuwa akiangalia mikono yake. Mimi nilikuwa nikiogopa kwamba tumemuudhi mtu na mkopo utakataliwa. Lakini kijana yule aliandika maswali yote kwenye kipande cha karatasi, kwa utaratibu, na tulipoinuka kuondoka alimfungulia mama mlango. Wiki tano baadaye barua ikatoka makao makuu. Walikuwa wamekubali yote mawili: hati ya Kawangware ingeshikilia ile sehemu tu, na fleti yangu ndiyo ingeuzwa kwanza. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuomba. Pengine wengi wangepewa kama wangeomba.

Wakili aliyesimamia sahihi za wazazi wangu hakuwa wa benki. Mama alikataa wa benki, akatafuta wake kupitia kastoma mmoja wa mapazia. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kwa kuwa hati ilikuwa kwa jina la baba, sheria ilimtaka wakili amuulize mke kwa faragha kama anaridhia kwa hiari, kwa hiyo mimi na baba tulitolewa nje tukaketi kwenye kochi kando ya ngazi. Walikaa humo muda mrefu. Baba alianza kuhesabu matofali ya ukuta wa mbele yetu, akaniambia mstari wa tatu umepinda.

Walichozungumza nilikuja kusimuliwa na mama mwenyewe tukirudi kwa miguu.

Wakili alimuuliza, "Mama, mzee amekulazimisha?"

"Huyo? Huyo angetia sahihi hata kwa karatasi ya kufungia nyama. Mimi ndiye nimewachelewesha wote."

"Na unajua kwamba mnaweza kuipoteza hii nyumba?"

"Nimepanga Kibera miaka mingi," mama alimwambia. "Kupanga sikuogopi, nikirudi kupanga sitakufa. Kitu sitaki ni kurudishwa huko na karatasi ambayo sikuielewa. Sasa nimeielewa. Nipe kalamu."

Nilitembea kando yake. Nilikuwa nimemchukulia kwa miezi yote ile kama mtu mwoga. Kumbe mwoga alikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiogopa kuuliza.

Nilihamia fleti ya kijani mwezi wa nane, na kwa mwaka mmoja na kidogo mambo yalienda sawa. Kisha hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi ikafunga maabara yake, ikaanza kupeleka vipimo kwingine, na sisi tuliokuwa humo tukapewa barua na mkono wa kwaheri. Nilikuwa na akiba ya kulipa mkopo miezi mitatu. Sikuwaambia wazazi. Nilijiambia kwamba nitapata kazi kabla hawajajua, na kila asubuhi nilivaa nikatoka, nikazunguka na vyeti vyangu hospitali moja hadi nyingine.

Asubuhi moja nilikatiza Toi kwenda kutoa nakala za vyeti, nikapita upande wa viatu makusudi ili nisipite upande wa mapazia. Nilipotokea upande wa pili mama alikuwa amesimama hapo na chai yake kwenye kikombe cha plastiki.

"Sasa," alisema. "Uko ofu leo, huendi kazini?"

"Ndiyo, mama."

"Na jana?"

Kastoma wake mmoja alikuwa mwuguzi wa hospitali ile ile. Mama alikuwa amejua kwa wiki tatu, akanipa nafasi ya kumwambia, na nafasi hiyo ilikuwa imeisha. Alinipeleka nyuma ya meza yake, akaniketisha juu ya bunda la shuka la jirani yake, akaninunulia chai. Hakuinua sauti. Watu walikuwa wakiendelea kushika mapazia na kuuliza bei, naye akawajibu, kisha akarudi kwangu.

"Kazi kuisha si kosa lako," alisema. "Lakini nyumba yetu iko pale juu ya neno lako. Pesa sikukuambia uniletee. Neno ndilo nilitaka uniletee. Ukinyamaza, mimi ninalinda mlango na mwizi yuko ndani."

Nililia pale kati ya mashuka ya watu. Alinipa pembe ya pazia nifute uso, kisha akaikagua kama imepata doa.

Mpango aliotoa alikuwa ameshaupika. Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa kimeachwa na mpangaji. Nirudi nyumbani, nikae humo. Fleti yangu niipangishe, na kodi yake iende moja kwa moja benki. Twende tukamwambie afisa leo, kabla hatujachelewa hata siku moja, si baada ya kuandikiwa barua. Nami mchana nimsaidie sokoni mpaka nipate kazi. Nilisema nitaonekana mjinga, mtu amenunua fleti anarudi kulala chumba kimoja Kawangware kwa mamake.

"Utaonekana na nani?" aliuliza, na alikuwa anataka jibu kweli. Nilimaliza chai, tukaenda kumwona afisa.

Siku ya kuhama ndugu yangu alikuja na mkokoteni alioazima, akafunga godoro langu kwa kamba, akalisukuma njia nzima bila kunitania, jambo ambalo si kawaida yake. Baba alikuwa ameshatoboa ukuta wa kile chumba na kuweka rafu mbili za vitabu. Alisema zilikuwa mbao za kubaki tu. Wapangaji wenzangu wa nyuma walipomuuliza mama kwa nini nimerudi, niliwasikia kupitia ukuta, naye aliwajibu, "Nilihitaji mtu wa kunisaidia kazi, macho yangu yamechoka na sindano." Macho ya mama hayana kasoro. Mpaka leo anatunga uzi mara ya kwanza.

Niliishi katika chumba kile karibu miaka miwili. Fleti ilichukuliwa na walimu wawili, mume na mke, watulivu. Nilishika utepe nikapanda viti vya watu na kutundika mapazia, na nikamwona mama akifanya kazi kama sikuwahi kumwona nikiwa mtoto wake wa kuletewa chakula. Hakuwahi kumuuzia mtu pazia fupi akijua ni fupi. Mwanamke mmoja wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, muuza dagaa wa omena, alikuja kutaka pazia la kugawanya chumba chake kimoja ili binti yake anayebaleghe apate faragha. Mama alimpimia kwa bidii ile ile aliyompimia mke wa daktari, akaongeza mkono mzima wa kitambaa bila malipo, akasema msichana bado anakua, na chumba kinafaa kukua naye.

Katika mwezi wangu wa kumi na mmoja humo niliitwa kazini, maabara kubwa zaidi, zamu za kuanza alfajiri. Sikuhama mara moja. Niliwaacha wale walimu wakae mwaka mwingine, kodi yao ikaenda benki na sehemu nzuri ya mshahara wangu ikaenda pia, kwa sababu kile kiasi kilichoshikiliwa na hati ya Kawangware nilitaka kife kabla sijalala tena juu ya kitanda changu. Huo ulikuwa uamuzi wangu, si wa mama. Nilipomwambia, aliitika kwa kichwa na kuendelea kukunja upindo, lakini jioni hiyo alinipikia kuku.

Benki ilipoturudishia hati, baba aliipokea, akaikunja kuiweka mfukoni mwa koti. Mama akamzuia. "Karatasi kurudi na rehani kufutwa ni vitu viwili," alisema. Kwa hiyo tukapanga foleni ofisi ya ardhi, sisi watatu, tukasubiri mpaka ufutaji ukasajiliwa, kisha mama akalipia upekuzi wa nyumba yake mwenyewe ili asomewe kwa sauti kwamba haidaiwi na mtu yeyote. Karani alimsomea. Mama akasema ahsante, soma tena.

Ndugu yangu, nikiandika haya, amekuja na mpango wake, wa karakana ya pikipiki. Ameshachoshwa mara mbili na kurudishwa akaupange upya. Anasema mathe ni mgumu kuliko benki. Anasema hivyo akijivuna.

Mimi nilirudi kwenye fleti ya kijani mwishoni mwa mwaka jana. Jumapili ya kwanza mama na baba walikuja kula. Baada ya chakula mama aliniuliza aliye mlango wa pili ni nani. Nikasema sijui. Akauliza wa mlango wa mbele. Nikasema huwa tunapishana ngazini, nadhani anafanya kazi ya usiku. Alivaa viatu vyake, akatoka. Nilimsikia akigonga mlango wa kwanza, kisha mlango kufunguliwa.

"Habari ya mchana, mwanangu. Mimi ni mama wa huyu msichana wa hapa. Nimekuja kukujua, na wewe umjue. Akikosa kuonekana siku mbili, unipigie."

Nilibaki nimesimama katikati ya sebule, uso ukinichoma kwa haya, nikimsikiliza akiomba kalamu ili waandikiane nambari. Baba, kwenye kochi, alijiongezea chai.

"Mwache," alisema. "Ghorofa hii ina milango sita. Atamaliza saa hii hii."